TIN kwa mkulima na mchuuzi wa Ruvuma: Hofu iko kwenye kodi, hasara iko kwenye daftari

KWA muda mrefu wakulima na wafanyabiashara wadogo wa wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, wamekuwa wakiiogopa namba ya utambulisho wa mlipakodi, maarufu kama TIN. Wengi huitafuta siku wanapobanwa: siku ya kusajili pikipiki, siku benki inaporudisha fomu ya mkopo, au siku maofisa wa halmashauri wanapopita dukani kuulizia leseni.

Hofu hiyo ina historia yake. Wazee wa Umatengo wanaikumbuka vizuri kodi ya kichwa ya wakati wa mkoloni, na watoto wao wanaikumbuka kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003. Mtu aliyewahi kumkimbia mgambo wa kodi na kulala porini hawezi kuipenda haraka namba yenye neno “mlipakodi” ndani yake.

Hata hivyo, mazingira ya biashara yamebadilika. Nyasa, iliyokuwa sehemu ya Mbinga, imekuwa wilaya kamili tangu mwaka 2012 na makao yake makuu yako Mbamba Bay. Barabara ya lami sasa inatoka Songea, inapita Mbinga na kushuka hadi ziwani. Mwaka 2024 ujenzi wa bandari ya kisasa ya Mbamba Bay ulikuwa ukiendelea. Dagaa wa Nyasa waliokuwa wakisubiri gari siku mbili tatu sasa wanaweza kufika Songea siku hiyo hiyo. Pamoja na lami wamekuja wanunuzi wa mbali, na mnunuzi wa mbali hafanyi biashara kwa kujuana. Anataka risiti, leseni na jina linalofanana kwenye kila karatasi.

Katika makala haya tutaangalia nani anatakiwa kuwa na TIN, anahitaji makaratasi gani, na mahali ambapo watu wetu huumia. Hoja ya mwandishi ni kwamba kinachomtia hasara mfanyabiashara mdogo mara nyingi si namba yenyewe. Ni kuwa na namba bila kuwa na daftari, au kuwa na namba ambayo taarifa zake ziko mikononi mwa mtu mwingine.

TIN ni nini, na si nini

TIN ni namba yenye tarakimu 9 inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), chombo kilichoanza kazi Julai 1996. Namba hiyo hutolewa bure. Hakuna ada ya fomu wala ada ya cheti. Anayekutoza fedha anakutoza kwa kazi yake ya kukuandikia na kwa intaneti yake, si kwa niaba ya Serikali.

Ikumbukwe kuwa TIN si leseni ya biashara. Leseni ya biashara ndogo hutolewa na halmashauri, na ili uipate ni lazima kwanza uwe na TIN na uthibitisho wa kodi kutoka TRA. TIN pia si usajili wa kodi ya ongezeko la thamani. Usajili huo ni wa wafanyabiashara wakubwa, na mwaka 2023 kiwango cha mauzo cha kuingia huko kilipandishwa kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka.

Aidha, TIN isichanganywe na kitambulisho cha mjasiriamali mdogo kilichoanza kutolewa na Serikali ya Awamu ya Tano Desemba 2018 kwa shilingi 20,000. Kile kilimlenga mchuuzi mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Wapo wachuuzi walioamini kuwa wakishakuwa na kitambulisho kile wamemalizana na TRA maisha yao yote, hata biashara ikikua. Haikuwa hivyo.

Vilevile si sawa na namba ya mkulima iliyoanza kutumika mwaka 2022 kwa ajili ya mbolea ya ruzuku. Namba ile hukupa haki ya kununua mfuko wa mbolea kwa bei ya ruzuku, lakini haimwelezi mtu yeyote kwamba wewe ni mfanyabiashara.

Na ushuru wa mazao nao ni jambo jingine kabisa. Huo ni wa halmashauri na kisheria hulipwa na mnunuzi. Mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kwa hiyo mchuuzi wa mahindi anayeonyesha stakabadhi ya ushuru wa kizuizini amethibitisha kuwa amelipa halmashauri. Hajathibitisha kuwa anajulikana TRA.

Nani anatakiwa kuwa nayo

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka kila anayeanza biashara, uwekezaji au ajira inayoweza kumfanya adaiwe kodi aombe TIN ndani ya siku 15 tangu aanze. Sheria haisubiri duka likue. Inahesabu tangu siku ulipofungua.

Katika Bajeti ya mwaka 2022/23, aliyekuwa Waziri wa Fedha na Mipango, Dk. Mwigulu Nchemba, alikwenda mbali zaidi. Alipendekeza kila Mtanzania mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, aliye na Kitambulisho cha Taifa, asajiliwe na kupewa TIN. Pendekezo lile lilizua minong’ono mingi vijijini, kwamba kila kijana atalipa kodi. Ufafanuzi wa Serikali ulikuwa kwamba kuwa na namba si sawa na kudaiwa kodi. Anayedaiwa ni mwenye kipato kinachotozwa.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalifahamu. TIN kwa mtu binafsi inaweza kuwa ya biashara au isiyo ya biashara. Kijana wa bodaboda wa Mbinga mjini aliyepata TIN kwa ajili ya leseni ya udereva au kusajili pikipiki anayo TIN isiyo ya biashara. Mwalimu na muuguzi wanazo kwa ajili ya ajira. Namba hizo hazina makadirio ya kodi ya biashara.

Kijana huyo akifungua duka la pembejeo hapaswi kuomba TIN ya pili. Mtu mmoja ana TIN moja hadi mwisho wa maisha yake. Anachotakiwa kufanya ni kwenda kubadilisha taarifa ili TIN ile ile iwe ya biashara. Wako wanaojaribu kuanza upya kwa sababu cheti cha kwanza kilipotea, kisha wanashangaa mfumo unawakataa. Namba haipotei hata karatasi ikiliwa na mchwa, kwa kuwa iko kwenye kumbukumbu za TRA na cheti kinaweza kuchapishwa tena.

Mkulima wa kahawa je? Tangu msimu wa 2018/19 Serikali ilipoelekeza kahawa iuzwe kupitia vyama vya msingi, mkulima wa Mbinga hupeleka kahawa yake kwenye chama, na chama ndicho kinachoonekana mnadani. Chama ni mtu kwa mujibu wa sheria na kinapaswa kuwa na TIN yake. Mkulima mmoja mmoja, kwa shughuli hiyo, hukutana zaidi na daftari la chama na akaunti ya benki kuliko ofisi ya kodi. Lakini mkulima huyo huyo akinunua mahindi ya majirani ayapeleke Songea, akiweka mashine ya kusaga, au akifungua duka kwa fedha ya kahawa, ameshavuka mpaka. Sasa ni mfanyabiashara.

Kwa mwambao wa ziwa hali ni kama hiyo. Mvuvi wa Liuli au Lituhi ana leseni yake ya uvuvi. Lakini anayekusanya dagaa wakavu kutoka kwenye vichanja vya wengine, akafunga magunia na kuyapandisha lori, huyo anafanya biashara, na TIN inamhusu. Anayetaka kuvusha bidhaa kwenda Malawi au Msumbiji inamhusu zaidi, kwa kuwa nyaraka za forodha huandaliwa kwa TIN.

Makaratasi: NIDA kwanza

Kwa Mtanzania wa leo safari ya TIN huanzia kwenye Kitambulisho cha Taifa. Si lazima uwe na kadi mkononi, kwani namba ya NIDA yenye tarakimu 20 inatosha. Wengi wa vijijini walihangaikia namba hiyo kuelekea Januari 2020, wakati laini za simu ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zilipokuwa zikifungwa.

Ambaye bado hana ajiandae na cheti cha kuzaliwa au cheti cha shule, nakala za vitambulisho vya wazazi inapowezekana, na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Wilaya ya Nyasa inapakana na nchi jirani, na Idara ya Uhamiaji hushirikishwa kuhakiki uraia. Mtu aliyezaliwa ng’ambo ya ziwa au aliye na mzazi mmoja wa upande ule asishangae akiulizwa maswali mengi. Aende na vielelezo na, ikiwezekana, mzee anayemfahamu.

Ukiwa na namba ya NIDA unaweza kuomba TIN kwa njia ya mtandao kupitia tovuti ya TRA, au kufika ofisi ya TRA iliyo karibu. Majina yako, tarehe ya kuzaliwa na taarifa nyingine huletwa moja kwa moja kutoka NIDA. Hapo ndipo penye mtego wa kwanza. Kama NIDA imekuandika majina matatu na benki imekuandika mawili, au herufi moja imekosewa, TIN itafuata NIDA. Kurekebisha jina NIDA kabla ya kuomba TIN ni nafuu kuliko kurekebisha TIN, leseni, akaunti na mkataba wa pango baadaye. Katika nchi ya akina Ndunguru, Komba na Kapinga, ambako kijiji kimoja kinaweza kuwa na watu watano wenye jina moja, jambo hili si dogo.

Kwa TIN ya biashara jiandae pia na mkataba wa pango au uthibitisho kuwa eneo ni lako, barua ya serikali ya kijiji au mtaa inayoeleza mahali biashara ilipo, na maelezo ya biashara yenyewe. Ofisa atakuuliza mtaji, pango na mauzo unayotarajia ili afanye makadirio ya kodi. Usijibu maswali hayo kwa kubahatisha. Aliyetaja mauzo makubwa ili aonekane tajiri ameumia, na aliyesema “sijui” amemwachia mwingine amkadirie.

Simu ni ya nani?

Mwaka 2022 nilimsindikiza mama mdogo wangu, mchuuzi wa dagaa mwambao wa ziwa, kufuatilia deni ambalo hakulielewa. TIN yake ilikuwa imeombwa miezi kadhaa kabla kwenye kibanda kimoja cha steshenari. Mama mdogo ana simu ya kitochi, na kijana wa kibanda, kwa kurahisisha kazi, alijaza namba yake mwenyewe ya simu pamoja na barua pepe yake mwenyewe. Alilipwa shilingi 15,000 na kumkabidhi mama karatasi. Kila mtu aliridhika.

Kumbe tangu siku ile ujumbe wote wa TRA ulikuwa ukiingia kwenye simu ya kijana. Tarehe za kulipa, kumbukumbu ya malipo, onyo la riba, vyote vilimfikia yeye. Kijana alishahama, kibanda kimegeuka saluni. Mama mdogo aliamini kuwa kwa kuwa hakuna aliyemfuata, hadaiwi. Zaidi ya hapo, katika miezi ile ziwa lilikuwa limechafuka kwa upepo wa Mwera, dagaa wakaadimika, na yeye akasimamisha biashara bila kumwambia yeyote. Kwenye kumbukumbu alikuwa bado anauza.

Hakukuwa na mwizi katika kisa hiki. Kijana alifanya kazi aliyoombwa, na ofisa tuliyemkuta alitusikiliza na kutueleza vizuri. Lakini marekebisho yalituchukua safari tatu, na nauli za safari hizo, ukijumlisha siku alizopoteza sokoni, zilimgharimu karibu sawa na kodi yenyewe.

Fundisho ni jepesi. Namba ya simu inayojazwa iwe yako au ya mtu wa nyumbani kwako ambaye huwezi kugombana naye kesho. Nywila iandike na kuiweka pamoja na hati za shamba. Ukibadilisha laini, badilisha na taarifa zako TRA.

Daftari lina thamani gani?

Tufike kwenye kiini cha makala haya. Kwa mtu binafsi mwenye biashara ndogo, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu kodi kukokotolewa kwa mauzo ya mwaka badala ya faida. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019 kwenye madaraja ya chini, mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi hiyo. Yakizidi milioni 4 na kutofika zaidi ya milioni 7, asiyetunza kumbukumbu hulipa shilingi 100,000. Anayetunza hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Yakizidi milioni 7 hadi milioni 11, asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 250,000, na mwenye kumbukumbu hulipa shilingi 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Viwango hivi vinaweza kubadilishwa na kila Sheria ya Fedha, kwa hiyo kila Julai muulize ofisa kabla ya kupiga hesabu zako.

Tuchukue mfano wa mchuuzi wa dagaa ambaye kwa mwaka amenunua dagaa wa shilingi milioni 3.5 na kuwauza kwa shilingi milioni 4.5. Kwake yeye amepata milioni moja, tena kabla ya kutoa nauli, magunia na ushuru. Anajiona mtu mdogo. Lakini TRA haiangalii ile milioni moja, inaangalia milioni 4.5. Ameshavuka mstari.

Bila daftari atalipa shilingi 100,000. Akiwa na daftari linaloonyesha mauzo yake atalipa asilimia 3 ya shilingi 500,000, yaani shilingi 15,000. Tofauti ni shilingi 85,000. Daftari la kurasa 96 lililonunuliwa dukani kwa fedha ndogo limemwokolea karibu moja ya kumi ya faida yake yote.

Mfano wa pili ni wa mwenye duka la rejareja Mbinga mjini anayeuza shilingi milioni 9 kwa mwaka. Bila kumbukumbu ni shilingi 250,000. Akiwa na kumbukumbu ni shilingi 90,000 na nyongeza ya asilimia 3 ya milioni 2, ambayo ni 60,000, jumla 150,000. Ameokoa shilingi 100,000.

Wasomaji wataona kwamba shilingi milioni 4 kwa mwaka si fedha nyingi kama inavyosikika. Ni kama shilingi 11,000 kwa siku. Kibanda chenye sukari, mafuta ya kula, sabuni na vocha kinaweza kufika hapo bila mwenyewe kujua. Wanaosema “mimi niko chini ya milioni 4” wengi wanataja faida, si mauzo. Bila daftari hawana namna ya kujua wako upande upi wa mstari, wala namna ya kumwonyesha ofisa aliyewakadiria juu.

Daftari lenyewe si la kisomi. Tarehe, kilichonunuliwa na bei yake, kilichouzwa na bei yake, gharama za siku. Risiti zibandikwe nyuma au ziwekwe kwenye bahasha ya kila mwezi. Anayeweza kuandika orodha ya wadeni wake anaweza kuandika daftari la mauzo.

Msimu wa ziwa na kalenda ya kodi

Kodi ya makadirio hulipwa kwa awamu 4: mwishoni mwa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kwa duka la mjini mgawanyo huu una mantiki. Kwa uchumi wa Mbinga na Nyasa una tatizo.

Fedha ya kahawa huanza kuonekana katikati ya mwaka baada ya mavuno na minada. Machi ni mwezi wa mvua, palizi na ada za shule, na mzunguko wa fedha Umatengo huwa umekauka. Muuza duka wa kijijini ambaye wateja wake wote ni wakulima wa kahawa hukopesha kuanzia Januari na kulipwa Agosti. Ziwani nako biashara hufuata giza na upepo: siku za mbalamwezi taa za dagaa hazisaidii, na Mwera ukivuma mitumbwi hulala ufukweni.

Ndiyo maana awamu ya Machi huwakuta wengi mikono mitupu. Wengine hukopa kwa riba mtaani. Na mkulima mwenye duka anaweza kuishia kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, ule mtindo unaojulikana Mbinga kama magoma, ili tu afungue duka lililofungwa. Hapo kodi ndogo imezaa hasara kubwa.

Je, nini kifanyike? Kwa upande wa mfanyabiashara, fedha ya awamu ya Machi iwekwe kando mwezi Septemba au Oktoba, wakati fedha ipo. Anayeweza alipe mapema, kwani hakuna anayekatazwa kulipa kabla ya tarehe. Anayeona hataweza aende ofisini kabla ya tarehe kupita, akiwa na daftari, akaombe kurekebishiwa makadirio au kupangiwa malipo. Aliyekwenda kabla huonekana mlipaji mwenye tatizo. Aliyekwenda baada huonekana mkwepaji.

Anayeanza biashara aulize pia kuhusu nafuu. Bajeti ya mwaka 2019/20 ilileta kipindi cha miezi 6 kwa mwenye TIN mpya ya biashara kabla ya kuanza kulipa awamu. Wengi hawajui. Mtu anayepanga kufungua duka kwa fedha ya kahawa angefanya vizuri kuhesabu miezi hiyo ili malipo ya kwanza yasiangukie Machi.

Jina la nani kwenye TIN?

Jambo jingine linalogusa nyumba nyingi ni kutumia TIN ya mtu mwingine. Mke anaendesha duka kwa TIN ya mume. Wachuuzi watatu wanasafirisha dagaa kwa TIN ya mwenzao mmoja. Sheria inakataza, lakini tuache sheria tuangalie uchumi.

Mauzo yote ya wale watatu yanahesabiwa kwa mmoja. Kila mmoja peke yake angeweza kuwa chini ya shilingi milioni 4 asitozwe chochote. Wakiwa kwenye namba moja wamefika milioni 9 au 10, na mwenye namba anadaiwa kwa mauzo ambayo si yake. Urafiki wa namna hiyo huishia barazani.

Kwa mke hasara ni ya aina nyingine. Miaka 10 ya kuendesha duka haionekani popote kwa jina lake. Siku anakwenda benki kuomba mkopo, historia ya biashara ni ya mume. Mume akifariki TIN hairithiwi, na mambo yote husubiri msimamizi wa mirathi. Ni heri kila mwenye biashara awe na namba yake tangu mwanzo, hata kama makabati ya duka yanatazamana.

Kwa vyama vya msingi na vikundi, taasisi yenyewe inapaswa kuwa na TIN, na viongozi wanaoisajili wawe na TIN zao. Viongozi wanapobadilika baada ya uchaguzi, taarifa zibadilishwe. Chama ambacho bado kinasomeka kwa jina la mwenyekiti aliyeondolewa kitakwama siku kikitaka cheti cha uthibitisho wa kodi. Kukwama wakati kahawa iko ghalani si jambo la kuchekea.

Ukifunga, sema

Biashara ndogo hufunguliwa na kufungwa kama milango. Dagaa wakiadimika mtu anarudi shambani, kahawa ikishuka bei anafunga duka. Lakini TRA haijui kuwa umefunga mpaka uwaambie. Makadirio yaliyokwisha kuwekwa yanaendelea kuhesabiwa, na riba juu yake. Andika barua, ambatanisha uthibitisho wa mtendaji wa kijiji au mtaa kwamba duka halipo, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. TIN yako haifi, inabaki bila biashara mpaka utakapoihitaji tena.

Faida iko wapi?

Msomaji anaweza kuuliza, baada ya shida zote hizi mtu anapata nini? Jibu ni soko. Tangu mwaka 2023 zabuni za Serikali zimekuwa zikipitia mfumo wa ununuzi wa NeST, na huwezi kuingia humo bila TIN. Mkulima wa maharage wa Mbinga anayetaka kuilisha taasisi ya Serikali yuko nje ya mlango hata kama maharage yake ndiyo bora kuliko yote. Atamuuzia mwenye TIN, na mwenye TIN atauza kwa bei nyingine. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo kodi ambayo asiye na namba hulipa bila kupewa risiti.

Kwa upande wa Serikali, mwandishi anashauri mambo mawili. Kwanza, maofisa wa TRA wafuate wananchi kwenye magulio na kwenye vyama vya msingi wakati wa msimu wa kahawa, kwa sababu mtu wa Lituhi au Liuli hawezi kusafiri mara tatu kwa ajili ya herufi moja ya jina. Pili, awamu za malipo kwa wilaya zinazotegemea zao moja ziangaliwe upya zifuate msimu. Mkusanyaji hatapoteza kitu, kwani fedha inayosubiriwa Agosti hulipwa, na inayodaiwa Machi huzaa madeni.

Kwa upande wa mkulima na mchuuzi, ushauri ni mmoja. Kabla ya kwenda kuomba TIN pita dukani ununue daftari, na uanze kuandika leo. Namba utaipata bure. Bila daftari, ndiyo itakayokugharimu.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi kilimo.